Buluu Iliyokolea au Krimu: Uchambuzi wa Kisa cha Sebule Moja

Sebule inayozungumziwa hapa ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.7. Ina dirisha moja tu, la mita 1.5 kwa 1.2, katika mojawapo ya kuta zake fupi, na mlango mmoja katika ukuta mrefu. Dirisha hilo halipati jua la moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya mchana. Linapokea mwanga wa anga. Dari ni nyeupe, sakafu ni ya mbao za kahawia yenye wekundu, na ukitoa dirisha na mlango, kuta za kupakwa rangi zina eneo la mita za mraba 45. Wenye nyumba, mume na mke, walikuwa wamekubaliana kila kitu isipokuwa rangi. Mume alitaka kuta zote nne ziwe buluu iliyokolea, ile inayokaribia wino, kwa hoja kwamba sebule yao hutumika zaidi usiku na kwamba usiku chumba kinapaswa kumtuliza mtu. Mke alitaka krimu, kwa hoja kwamba mtoto wao hufanyia humo kazi za shule kila alasiri na kwamba chumba chenye dirisha moja hakiwezi kubeba rangi nzito. Fundi aliyeitwa kukagua kuta aliwapa njia ya tatu: ukuta mmoja wa buluu na kuta tatu za krimu.

Nitangulize jambo moja kuhusu pendekezo hilo la fundi, kwa kuwa ndilo lililoamua mwenendo wa kisa chote. Watu wengi huliona kuwa suluhu ya katikati, ambapo kila upande umepata sehemu yake, lakini kwa kweli haliko katikati. Ni chaguo linalojitegemea, lenye masharti makali kuliko ya buluu peke yake au ya krimu peke yake, kwa sababu ndilo pekee linalozilazimisha rangi mbili zinazopingana zitazamane kila saa ndani ya chumba kimoja. Laiti wenye nyumba wangelikubali kama njia ya kumaliza ubishi tu, wangenunua rangi mbili zilizochaguliwa kila moja kwa ajili ya chumba kingine.

Ulinganisho wa kwanza ulifanyika kama unavyofanyika kwa kawaida, yaani kwa vipande vidogo vya kadi ya rangi vilivyoshikwa mkononi chini ya taa nyeupe kali za duka. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kilichozungukwa na karatasi nyeupe hakiwezi kusema mengi. Weupe wa karatasi huifanya buluu ionekane nyeusi kuliko ilivyo, na huifanya krimu ionekane imechujuka au imechafuka kidogo, na hivyo kila mmoja kati ya wale wawili alipata dukani ushahidi wa kile alichokuwa akikiogopa. Hata hivyo, nyuma ya kadi kulikuwa na habari moja ya maana ambayo hakuna aliyeisoma: kiwango cha kuakisi mwanga, ambacho hupimwa kutoka 0, weusi usiorudisha mwanga wowote, hadi 100, weupe unaorudisha mwanga wote. Buluu ile ilikuwa na 8. Krimu ilikuwa na 75.

Namba hizo mbili zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa zinaweza kupotosha pande zote mbili. Ukizisoma zilivyo, krimu inarudisha mwanga zaidi ya mara 9 ya ule unaorudishwa na buluu. Jicho, lakini, halihesabu hivyo. Katika kipimo cha wepesi wa rangi kilichowekwa na tume ya kimataifa ya mwangaza, CIE, mwaka 1976 ili kukaribia zaidi namna mtu anavyoona, uakisi wa 8 huwa wepesi wa 34 hivi kati ya 100, na uakisi wa 75 huwa 89 hivi. Tofauti bado ni kubwa, ila si ya mara 9. Mume alikuwa na haki ya kusema kwamba ukuta wa buluu hautaonekana kama shimo.

Kwa upande mwingine, kuna jambo ambalo kipimo cha rangi moja hakionyeshi, nalo linampa mke nguvu. Mwanga ukiingia dirishani haugongi ukuta mmoja ukaishia hapo. Hugonga sakafu, ukarudi darini, ukaenda ukutani, ukarudi tena, na kila mara sehemu yake hunyonywa. Kwa makadirio ya kawaida, ukiuita wastani wa uakisi wa nyuso zote za chumba R, mwanga huu wa marejeo hulingana na R ikigawanywa kwa kile kinachobaki ukitoa R katika 1. Tuchukue dari yenye uakisi wa 0.85, yaani 85 kati ya 100, na sakafu yenye 0.25. Kuta zote zikiwa krimu, wastani wa chumba hiki ni takriban 0.64, zikiwa buluu zote, wastani unashuka hadi takriban 0.30. Ukikamilisha hesabu, chumba cha krimu kina mwanga wa marejeo mara 4 hivi ya ule wa chumba cha buluu. Ukipaka buluu ule ukuta mfupi usio na dirisha pekee, wenye mita za mraba 10.8, wastani unakuwa 0.56 na mwanga wa marejeo unabaki asilimia 71 hivi ya ule wa krimu kamili.

Hapo ndipo hoja ilipoanza kupata umbo. Chini ya robo ya eneo la kuta inameza zaidi ya robo ya mwanga wa marejeo. Ni gharama inayoonekana, lakini inalipika, ilhali buluu ya kuta zote nne ingewalazimu kuwasha taa mchana katika nusu ya nyuma ya chumba. Viwango vya Ulaya vya mwangaza wa mahali pa kazi, EN 12464-1 katika toleo la mwaka 2011, vilipendekeza kuta zenye uakisi wa kati ya 0.5 na 0.8. Sebule si ofisi na haifungwi na kiwango hicho, ila mtoto anayeandika anahitaji mwanga ule ule anaouhitaji karani.

Inafaa kuongeza kwamba hesabu hii inahusu mwanga wa marejeo tu. Mwanga unaotoka dirishani moja kwa moja na kutua mezani haujali rangi ya ukuta. Maana yake ni kwamba hoja ya mke kuhusu kazi za shule ilikuwa na nguvu sana kwa meza iliyowekwa nyuma ya chumba, kama ilivyokuwa wakati ule, na ingepungua nguvu meza ikisogezwa karibu na dirisha. Meza ilisogezwa kabla hata ya kopo la rangi kununuliwa, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa tendo la busara kuliko yote yaliyofuata.

Hoja ya mume nayo ilihitaji kupimwa kwa mwanga wake, yaani mwanga wa taa. Taa za sebule ile zilikuwa za kelvini 2700, ule mwanga wa dhahabu ambao wengi huupenda usiku. Taa ya namna hiyo ina wekundu na unjano mwingi na ubuluu mchache. Rangi ya buluu huonekana buluu kwa kurudisha sehemu ya buluu ya mwanga unaoipiga, na pale sehemu hiyo inapokuwa haba, kinachorudishwa ni kidogo. Kwa hiyo usiku, saa zile zile ambazo mume alitaka kuifurahia rangi yake, ukuta ungegeuka kuwa weusi wa kijivu usio na jina. Krimu nayo, chini ya taa hizo, huchukua unjano ambao mchana haina. Kwa kawaida watu hujiuliza ni rangi gani inayopendeza zaidi, wakasahau kwamba katika saa za usiku taa ndiyo inayochagua. Walikubaliana kujaribu taa za kelvini 3000 zenye kipimo cha uaminifu wa rangi cha zaidi ya 90 kati ya 100, tena moja ikiwa imeelekezwa ukutani, kwa sababu taa moja ya katikati ya dari humulika sakafu vizuri na kuuacha ukuta mzito ukiwa gizani.

Majaribio yalifanywa kwa mbao nyembamba za sentimita 60 kwa 80, kila rangi ikiwa na mbao mbili zilizopakwa mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, na kuachwa zikauke kabisa, maana rangi ya maji hubadilika inapokauka. Mbao zilisimamishwa wima ukutani, kamwe si kulazwa sakafuni, ambako hupokea mwanga tofauti kabisa. Zilitazamwa asubuhi, alasiri na usiku chini ya taa mpya, na mwanzoni rangi moja moja, nyingine ikiwa imeondolewa chumbani. Utaratibu huu wa kutazama rangi moja kwa wakati ulikuwa na sababu, nayo ndiyo kiini cha kisa.

Mwanakemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul aliteuliwa mwaka 1824 kusimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana za Gobelins jijini Paris, ambako zulia na mapazia ya ukutani yalifumwa. Miongoni mwa malalamiko yaliyomfikia ni kwamba nyuzi nyeusi zilionekana dhaifu zikifumwa kando ya buluu. Alipozichunguza hakukuta kasoro yoyote katika dawa ya rangi. Tatizo lilikuwa jirani yake: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huonekana kusogea mbali na mwenzake, nyepesi ikawa nyepesi zaidi, nzito ikawa nzito zaidi, na kila moja ikaitia nyingine kidokezo cha rangi iliyo kinyume chake. Alichapisha matokeo yake mwaka 1839, na hadi leo hakuna mpaka rangi anayeweza kukwepa alichokisema.

Kinyume cha buluu kiko upande wa njano na chungwa. Mbao ya krimu ikiwa peke yake chumbani, ilionekana tulivu na yenye joto la kiasi, na wote wawili waliikubali. Mbao ya buluu ilipowekwa kando yake, krimu ile ile iligeuka kuwa na unjano wa siagi, hasa alasiri, na mke, ambaye ndiye aliyeichagua, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuikataa. Mambo mengine mawili yaliongeza uzito. La kwanza ni sakafu, ambayo wekundu wake hupanda ukutani pamoja na mwanga unaorudi. La pili lilijitokeza pale mbao mbili za krimu ziliposimamishwa kwenye kona zikitazamana: unjano uliongezeka, kwa kuwa mwanga uliotoka katika ubao mmoja tayari ulikuwa umechujwa na krimu kabla ya kuufikia wa pili. Kuta za chumba kizima hufanya hivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi, na ndiyo maana krimu ya ukutani karibu kila mara hutoka ikiwa na rangi zaidi ya krimu ya kadi.

Hapa ndipo madai ya kwamba ukuta mmoja ni suluhu ya katikati yalipoanguka. Krimu iliyokuwa sahihi kwa chumba cha krimu haikuwa sahihi kwa chumba cha krimu na buluu. Ilibidi itafutwe nyingine, iliyopungua unjano na kutiwa kijivu kidogo sana, ambayo peke yake ilionekana baridi na isiyovutia, lakini kando ya buluu ilisomeka kama krimu waliyoitaka tangu mwanzo. Uakisi wake ulikuwa 76, kwa hiyo hesabu ya mwanga haikubadilika. Nayo buluu ilinufaika bila kuguswa, kwani kando ya krimu ilionekana safi zaidi. Kuna ugumu wa kumwambia mtu anunue rangi ambayo akiiona peke yake haipendi, na sishangai kwamba fundi alirudi mara mbili kuuliza kama kweli ndiyo hiyo.

Swali la ukuta upi upakwe buluu lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, ingawa jibu lake lilikuwa karibu. Ukuta wenye dirisha haukufaa. Dirisha mchana ni kitu king'avu kuliko vyote chumbani, na likizungukwa na uso mweusi tofauti inakuwa kali kiasi cha kuumiza macho ya anayelitazama. Ukuta mwepesi kandokando ya dirisha hupunguza ukali huo, na kwa sababu hiyo hiyo kingo za ndani za dirisha hupakwa nyeupe. Ukuta mrefu usio na mlango, sawa na ule wenye mlango, ulikuwa na kasoro ya aina nyingine: mwanga wa dirisha huupitia kwa mshazari, na mwanga wa mshazari huanika kila bonde na kilima cha plasta. Rangi nzito huzidisha jambo hilo. Fundi alipopitisha taa ya mkononi sambamba na ukuta huo, mawimbi ya plasta yalionekana toka mwisho mmoja hadi mwingine, na kuyaondoa kungehitaji kuupiga putti na msasa upya ukuta mzima.

Ulibaki ukuta mfupi unaotazamana na dirisha. Unapokea mwanga wa ana kwa ana, kwa hiyo buluu yake huonekana vizuri mchana na kasoro za plasta hujificha. Ubaya wake ni kwamba ndio ukuta ambao, ungekuwa krimu, ungerudisha mwanga wa dirisha kuelekea katikati ya chumba, na nyuma ya chumba tayari ndiyo sehemu yenye mwanga haba. Hakuna namna ya kuukwepa ubaya huo. Unaweza tu kuufidia. Dari iliachwa nyeupe kabisa, jambo ambalo mume alitaka kulibadilisha na ambalo ningelipinga kwa nguvu kuliko mengine yote, kwani dari ya mita za mraba 20 yenye uakisi wa 0.85 inabeba karibu theluthi ya mwanga wote unaorudishwa chumbani humo.

Upande wa kazi yenyewe, rangi hizi mbili hazina ugumu sawa, na tofauti hiyo hutokana na kilichomo kopoini. Rangi nyepesi hujazwa dioksidi ya titani, unga mweupe wenye uwezo mkubwa wa kuficha kilicho chini. Rangi iliyokolea haiwezi kuwekewa unga huo kwa wingi, kwa kuwa ingepauka, hivyo huchanganywa katika msingi usio na weupe na hufunika kidogo. Krimu ilimalizika kwa mikono miwili. Kwa wastani wa mita za mraba 10 kwa lita, kuta zake za mita za mraba 34.2 zilihitaji lita 7 hivi. Buluu ilipigwa kwanza mkono wa praima, ile rangi ya kutangulia, iliyotiwa kijivu, kisha mikono mitatu, na kwa ukuta wa mita za mraba 10.8 ilitumia zaidi ya lita 3. Kama kuta zote zingekuwa buluu, hesabu ingefika lita 13.5 bila praima. Zaidi ya hayo, kutoka krimu kwenda buluu ni rahisi kuliko kurudi, na anayesitasita kati ya rangi nzito na nyepesi ana sababu nzuri ya kuanza na nyepesi.

Mng'ao ulileta ubishi mdogo. Mume alipenda buluu isiyong'aa kabisa, ambayo huonekana kama kitambaa, na alipata alichotaka, ingawa fundi alimtahadharisha kwamba rangi nzito isiyong'aa ikisuguliwa na kiti au na kitambaa cha kufutia hubaki na alama zinazong'aa zisizofutika. Krimu ilipewa mng'ao hafifu ili iweze kufutwa, kwani alama za vidole huonekana zaidi juu yake. Vumbi, kinyume chake, ni adui wa buluu.

Matokeo hayakumridhisha kila mtu kwa kiwango sawa. Usiku, taa iliyoelekezwa ukutani ikiwaka, buluu ni buluu na ukuta unaonekana kusogea nyuma, na mke mwenyewe amekiri kwamba kuta za krimu zimepata uhai ambao zisingekuwa nao peke yake. Saa nane mchana wa siku ya mawingu, bado anaiona nyuma ya chumba kuwa nzito, na hesabu inamuunga mkono. Mume anaona mstari wa kona, pale buluu inapokutana na krimu, umenyooka kupita kiasi; angependa ukuta ungeendelea. Mimi ningewashauri waondoe pazia zito linalofunika sehemu ya dirisha hata likiwa limefunguliwa, kwa kuwa linazuia mwanga ambao hakuna rangi ya ukuta inayoweza kuurudisha.

Makopo yaliyobaki yameandikwa fomula ya mchanganyo, tarehe na ukuta husika. Rangi ya kurekebishia ichanganywe kwa fomula hiyo na kutoka kwa mtengenezaji yule yule, wala isitafutwe kwa kulinganisha kipande dukani, kwa sababu rangi mbili zilizoundwa kwa viungo tofauti zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Kwa kuta za krimu, kiraka kidogo kilichopakwa kwa brashi na kutandazwa kingo zake hakitatambulika. Ukuta wa buluu ukichubuka, upakwe mkono mmoja mzima kutoka kona hadi kona, kwani kiraka katika rangi nzito isiyong'aa huonekana hata kwa aliyekaa upande wa dirisha.